Mara ya Kwanza, Mara ya Pili

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu Cheche,

Zile salamu za kujaza ukurasa naziruka leo. Sisi wazima, paa halivuji, na paka wa jirani bado anatuibia.

Nimempeleka mjukuu wangu Tajiri kwa yule mtaalamu wa usemi, kama ulivyoagiza. Sasa nisikilize, maana mwenyewe bado sijaamini. Nimevaa koti. Mtoto nimempaka mafuta mpaka anang'aa. Tumeingia hospitali, mlango wa mwisho kwenye korido, nikategemea kukuta mashine, au angalau mtu wa koti jeupe amulike ulimi na kurunzi. Wapi! Nimekuta dada mmoja amekaa sakafuni kwenye mkeka, miguu peku, anapuliza mapovu ya sabuni. Mtu mzima na shahada yake! Nikamwuliza, "Mtaalamu yuko wapi?" Akanijibu, "Ndiye mimi, Mzee. Karibu, vua viatu."

Basi wakacheza. Mapovu, mpira, ng'ombe wa plastiki anakunywa chai. Muda wote huo hakumwambia mtoto "sema hivi" hata mara moja. Nikajisemea moyoni, kama kucheza ndiyo dawa, watoto wa mtaa huu wote wangekuwa mawakili. Lakini Tajiri alifurahi, hilo sikufichi. Wakati wa kuondoka alikumbatia mguu wa meza, ikabidi nimbebe na viatu mkononi.

Huyo Mwalimu wa Maneno, ndivyo nilivyombatiza, ameisifu sana sauti yangu. Nilimweleza kwamba mimi ni dalali wa mnada, kwamba kila Jumamosi nauza vitanda, redio na makabati ya watu waliohama, na kwamba sauti hii ndiyo iliyokusomesha chuo cha ufundi. Akasema kweli ni sauti kubwa.

Sasa wewe acha kuhangaika. Najua ulivyoapa siku ya kuondoka: mtoto asipoanza kusema, unavua kofia ya chuma na kurudi nyumbani. Thubutu! Baba wa mtoto alishajenga nyumba nyingine huko alikojenga, mama yako Mungu amrehemu hakuwahi kuona binti akichomelea daraja, na mimi nimebaki kumwona kwa niaba yake. Niachie kazi hii. Nimewahi kuuza kabati lisilo na milango, nishindwe kutoa neno moja kwenye kinywa cha mtoto wa miaka mitatu na nusu?

Baba yako,
Dalali


Kambini, 13 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako imeletwa na lori la saruji, ina vumbi kunishinda mimi. Hapa bondeni simu bado haishiki mtandao, kwa hiyo usichoke kuandika. Nimewasomea wenzangu ile ya ng'ombe na chai, mpishi amecheka mpaka ameunguza maharage.

Ila Baba, nakujua. Ukisema mtu ameisifu sauti yako, ujue amekuomba uipunguze.

Nina jambo. Msimamizi wa daraja anataka jibu langu kabla Aprili haijaisha. Nusu ya kwanza inakamilika, na nusu ya pili, ile ya ng'ambo, ni mwaka mwingine mzima. Ama nabaki, ama nafasi yangu anapewa mwingine. Kazi hii naipenda, Baba, sitaona aibu kuisema. Vyuma viwili vikikubali kuwa kimoja nacheka peke yangu ndani ya barakoa kama mwehu. Lakini wenzangu wanaandikiwa, "mtoto anauliza utarudi lini." Wangu hajauliza. Wangu hajaniita hata Mama. Na moyo wangu unaniambia amenyamaza kwa sababu nimemwacha.

Akianza kusema, nabaki. Asipoanza, narudi, na daraja watalimalizia wengine. Kwa hiyo nataka kweli tupu kutoka kwako. Usinipigie debe.

Mbusu Tajiri kwenye kile kishimo cha shavu.

Mwanao,
Cheche


Nyumbani, 24 Februari

Mwanangu Cheche,

Kaa chini. Kama uko juu ya daraja, shuka kwanza.

Tajiri amesema. Amesema "mama". Jana asubuhi, wazi kabisa, akiitazama ile picha yako ya kofia. Sauti safi, haina mkwaruzo, mali mpya ya kwenye boksi, haijawahi kutumika! Dirisha lilikuwa wazi, jirani amesikia, hata muuza maziwa amesimama na baiskeli yake. Anayetaka kuuliza na aulize.

Kwa hiyo mwambie msimamizi wako ndiyo. Mwambie leo. Sina la kuongeza, nina haraka ya kwenda sokoni.

Baba yako,
Dalali


Kambini, 5 Machi

Baba! Baba! Baba!

Nimelia mpaka nimeshindwa kuvaa miwani ya kazi. Mpishi amepiga sufuria kambi nzima ikatoka ikidhani ni moto. Fundi mkuu, yule asiyecheka, amenishika mkono. Wenzangu wamechanga, wanamnunulia mtoto zawadi, nami nimewaacha tu, nitafanyaje, siku hazifanani!

Msimamizi nimemwambia ndiyo. Na nimeomba likizo ya wiki moja, nafika tarehe 20 Aprili. Nataka kulisikia neno hilo kwa masikio yangu haya yaliyojaa kelele za vyuma. Mwoneshe picha yangu kila siku asije akalisahau. Mimi nalisikia kila nikiwasha mashine.

Baba, ahsante. Ulisema nikuachie kazi na umeifanya.

Mwanao mwenye furaha,
Cheche


Hospitali, Chumba cha Michezo, 6 Machi

Mpendwa Mama Tajiri,

Hatujaonana. Mimi ndiye ninayecheza na binti yako kila Jumanne na Ijumaa. Mzee alitaka akuandikie yeye kwa niaba yangu, ila naona mama apate habari za mwanawe kwa mkono wangu mwenyewe.

Nianze na lililo zito, kisha tutacheka. Tajiri hajatamka neno hata moja bado. Masikio tumeyapima, yanasikia hata karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili. Anaelewa mno: nikimwambia amvike mwanasesere kofia anamvika, halafu ananivika na mimi. Maneno yamo, hayajapata mlango. Na nisikie vizuri hapa, kwa sababu baba yako ulimi ulimponyoka akaniambia unajilaumu. Mtoto huyu hakunyamaza kwa sababu ulisafiri. Watoto wengine huchelewa kusema hata wakilala mgongoni kwa mama zao kila siku. Mzigo huo utue.

Kazi yangu ni hii: nacheza anachotaka yeye, nataja kwa maneno machache kinachotokea, na mchezo ukifika penye utamu, nasimama. Napuliza povu moja, nafunga kichupa, namtazama, nasubiri. Pale patupu ndipo mahali pake. Akinyoosha mkono, tunaendelea. Akiguna, tunaendelea. Simlazimishi neno, wala simfichi kitu mpaka aseme.

Tatizo letu, kwa heshima zote, ni Mzee. Pale patupu hapajawahi kumpita salama. Nikinyamaza tu, yeye anaingia: "Sema povu! Povu linaondoka jamani! Nani anasema povu?" Mtoto anakwenda chini ya meza. Nyumbani nasikia alimnyanyulia kikombe cha maji na kumnadia, aseme "maji" ndipo apewe. Tajiri alimtazama, akatoka nje, akafungua bomba la bustani na kunywa kwa kiganja. Nimemwomba Mzee akae korido. Anachungulia kwenye kioo cha mlango, na hata akiwa huko namsikia.

Lakini Jumamosi nilikwenda mnadani kutafuta kabati la vitu vya kuchezea. Nikamwona baba yako juu ya jukwaa lake la mbao, na binti yako amekaa juu ya kreti karibu na miguu yake. Kelele, watu, bei zinapanda. Halafu: "Mara ya kwanza." Halafu: "Mara ya pili." Akanyanyua nyundo juu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mzee huyu akanyamaza. Soko zima likanyamaza naye. Nikamtazama mtoto. Alikuwa ameinamia mbele, ngumi amezikunja, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kusema jambo. Sijawahi kumwona hivyo chumbani kwangu. Nyundo ikashuka, akapiga makofi. Na mimi nikauziwa kabati la kioo nisilolihitaji, kumbe mkono nilikuwa nimeunyanyua nikausahau hewani.

Mama Tajiri, baba yako anajua kusubiri kunizidi mimi. Ila hajui kwamba anajua. Ijumaa namtoa korido, aingie na mnada wake. Tunakutakia kheri, nawe ututakie.

Anayecheza na mwanao,
Mwalimu wa Maneno (jina hili silikatai tena)


Kambini, 16 Machi

Baba,

Lori limeleta barua ya Mwalimu. Nimeisoma nimesimama. "Hajatamka neno hata moja bado."

Umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Mimi, mwanao.

Sina hasira na mtoto. Anyamaze mpaka achoke, ni wangu. Hasira yangu ni kwamba lile neno nimelisikia, Baba. Nimelisikia kila siku ndani ya barakoa, na sauti yake nikaitengeneza mwenyewe, nyembamba, na kikohozi kidogo mwishoni. Kumbe hakuna. Kumbe sauti ni yako. Na mpishi bado akiniona anaita, "Mama! Mama!" na mimi nacheka, nifanyeje, nimwambie baba yangu kanidanganya?

Msimamizi nimemwambia ile ndiyo yangu aiweke kando kwanza. Nitafika tarehe 20 kama nilivyosema, na nadhani nitakuja na mizigo yote.

Shikamoo.

Cheche


Nyumbani, 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hata kwenye hasira umeniamkia, na hiyo shikamoo imenichapa kuliko maneno mengine yote ya barua yako.

Nimekosa. Dalali hauzi kitu ambacho hakiko mezani, ni sheria ya kwanza, naifundisha kila kijana anayetaka kushika nyundo, nami nimeivunja kwa mwanangu. Niliogopa. Niliona unavua kofia kwa sababu mimi nimeshindwa kumlea mtoto mmoja. Nikasema nitakuuzia leo, mali itafika kesho. Mali haikufika. Nisamehe, mama.

Sasa kweli tupu, na naiandika kwa herufi kubwa: HAJASEMA.

Ila sikiliza tunachofanya. Nimerudishwa chumbani! Mwalimu ameniita, akanikalisha kwenye mkeka, magoti yakalia kama mlango mbovu, akasema, "Mzee, leo tunacheza mnada, na tajiri wa kununua ni mmoja tu." Kigoda tumekigeuza meza ya mnada. Mwiko ndiyo nyundo. Naweka kitu kimoja juu ya kigoda, nakisifu kidogo, kidogo tu, Mwalimu ana jicho kali. "Kijiko! Kijiko kizuri! Mara ya kwanza." Halafu, "Mara ya pili." Halafu nafunga mdomo.

Mwanangu, sijawahi kufanya kazi ngumu namna hii. Sokoni nanyamaza ili watu waingiwe na hofu wapandishe bei. Hapa nanyamaza ili mtoto apate nafasi. Ni kimya kilekile, lakini hiki kinanitoa jasho. Nimejiuma ulimi mpaka jirani ameniuliza kama nina jino bovu. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakusema kimya chenyewe kinavyokaba.

Na Tajiri anakuja! Siku ya kwanza alikitazama tu kijiko. Ya pili akanyoosha mkono, nikagonga, "Imeuzwa!" akaruka kama chura. Sasa anapiga kigoda kwa kiganja, paa, na kuniangalia usoni moja kwa moja. Kisha anachukua chaki. Unakumbuka desturi yetu: mali ikishauzwa, aliyenunua anaipiga alama ya chaki hata kama hawezi kuibeba siku ile. Ikae wiki, ikae mwezi, hakuna wa kuigusa, ina mwenyewe. Basi nyumba hii yote ni ya binti yako. Birika lina alama. Redio ina alama. Kiatu changu cha kushoto kina alama, cha kulia bado anakifikiria. Paka wa jirani amerudi kwao na mstari mgongoni, mwenye paka amekuja kuuliza, nikamwambia paka kanunuliwa, tuongee bei.

Jana, kwenye ule ukimya baada ya mara ya pili, alifunga midomo akasema "mm". Nakuapia ni "mm" tu. Sikuongezi hata herufi. Lakini ilikuwa "mm" ya mtu anayetaka kitu.

Usivue kofia mpaka uone kwa macho yako. Hilo tu naomba.

Baba yako,
Dalali aliyekosa


Hospitali, Chumba cha Michezo, 7 Aprili

Mama Tajiri,

Baba yako amekataa kuandika barua hii. Anasema dalali aliyewahi kuuza hewa hana tena mdomo wa kutangaza, kwa hiyo niandike mimi, shahidi, na yeye ataweka saini chini.

Ijumaa iliyopita, juu ya kigoda palikuwa na kofia yake Mzee, ile ya kahawia yenye ukingo uliochoka. "Mara ya kwanza," akasema. "Mara ya pili." Akanyamaza. Mlango wa korido ukabamizwa, mtu akakohoa, toroli la dawa likapita na magurudumu yake yanayolia. Mzee hakutikisika. Tajiri akaitazama kofia, akamtazama yeye, akaitazama kofia.

"Yangu," akasema.

Wote wawili tulisahau kazi zetu. Mimi nilisahau kujibu, Mzee alisahau kugonga. Tajiri akaona tumepumbaa, akarudia kwa nguvu, "Yangu!" akamnyang'anya mwiko akagonga mwenyewe. Siku hiyo alinunua kofia, viatu vyangu, mkeka tuliokalia na karatasi ya mgonjwa aliyekosea mlango. Tangu hapo amepata pia "povu" na "tena". Amepata na "hapana", na hiyo anaipenda mno. Poleni.

"Mama" hajasema, nakuandikia wazi. Nami nina ombi gumu. Ukifika, usimwambie aseme. Usijioneshe kidole kifuani. Usimwulize, "Mimi nani?" Vua viatu, kaa chini, cheza anachotaka yeye, na ukifika pale patupu, paache patupu. Najua ninachokuomba. Nimeona wababe wakishindwa.

Anayecheza na mwanao,
Mwalimu wa Maneno

Nimesoma, yote kweli. Isipokuwa pale aliposema nililia, hapo ametia chumvi. – Dalali

(Sikuandika popote kwamba alilia. Amejitaja mwenyewe. – M.)


Kambini, 30 Aprili

Mwalimu wangu,

Niliahidi nitapita kukuaga, lakini basi liliondoka mapema, na mwenyewe nilikuwa sijiwezi. Kwa hiyo pokea hapa, yote, maana wewe ndiye uliyestahili kuwepo.

Nilifika na mizigo yangu yote, kama nilivyomtisha Baba. Tajiri alinichungulia nyuma ya miguu ya babu yake. Amekua! Miguu imekuwa mirefu, na lile shavu limepungua kishimo kidogo. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kumnyakua. Nikakumbuka barua yako. Nikavua buti, nikakaa kwenye mkeka wa sebuleni, mikono mapajani. Mikono hii hushika moto bila kuogopa, lakini pale sikuiamini, nikaikalia.

Alikuja na mfuniko wa sufuria. Akauweka mbele yangu, akarudi nyuma. Nikasema, "Mfuniko," basi. Akaleta kijiko. Akaleta sabuni. Mpaka jioni nilikuwa nimezungukwa na jiko zima, na yeye amekaa katikati, mgongo wake umeegemea goti langu kama kwamba ni ukuta wa siku zote. Baba alikuwa mlangoni amejiziba mdomo kwa kiganja. Mwalimu, umemfanya nini baba yangu? Tulikula chakula kizima bila yeye kuhutubia. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema, "Nawaachia nafasi."

Nilikuwa nimepanga kumnunia siku mbili. Ilinishinda kabla ya chai. Alinipikia mwenyewe, chumvi imezidi, akakaa kunitazama nikila, nikamwambia, "Baba, yamekwisha." Akainua kidole atoe hotuba, akakumbuka, akakishusha.

Wiki ikaenda. "Yangu" niliisikia mpaka masikio yakachoka kwa raha. Kofia yangu ya kazi, "yangu." Uji, "tena." Kuoga, "hapana." "Mama", hakuna. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Siku ya kuoga alinishika mashavu kwa viganja vyenye povu, akanitazama karibu kabisa, nikasubiri, nikasubiri, akasema, "Povu." Nikacheka na machozi yakanitoka pamoja, yeye akadhani sabuni imeniingia machoni, akanipangusa kwa taulo.

Asubuhi ya mwisho begi langu dogo lilikuwa mlangoni. Yale makubwa nilikuwa bado sijayafungua wala kuyaondoa, kwa sababu bado sikujua mimi ni wa kwenda au wa kubaki. Baba hakuuliza. Tajiri aliliona begi. Akalizunguka. Kisha akanishika suruali akanivuta hadi sebuleni, akakileta kigoda, akakipiga kwa kiganja: paa. Nikadhani ananitafutia kitu cha kuninadia. Akanisukuma magoti. Nikaelewa. Nikakaa juu ya kigoda, pale inapowekwa mali.

Akakimbia jikoni, akarudi na mwiko, akampa babu yake.

Baba alinitazama, akamtazama, akakohoa. "Mali hii," akasema, "imetumika, ina alama za moto mikononi, lakini ni imara, haina kutu." Jirani alikuwa dirishani, akanyanyua mkono kwa utani, Baba akamtolea jicho mkono ukashuka wenyewe.

"Mara ya kwanza."

Tajiri alisimama mbele yangu.

"Mara ya pili."

Halafu ikawa patupu, Mwalimu. Sikusema. Sikujionesha. Nilitamani kumsaidia kama mtu anavyotamani kumshika mtoto anayejifunza kutembea, nikajizuia. Alikuja mpaka magotini pangu, akaniwekea mikono mapajani.

"Mama," akasema.

Akafikiri kidogo.

"Mama yangu."

Halikuwa lile nililokuwa nalisikia ndani ya barakoa. Lile lilikuwa jembamba. Hili ni nene, la chini, lina mkwaruzo kama sauti ya babu yake. Sitalibadilisha kwa lingine lolote.

Baba hakugonga. Alikuwa amesimama na mwiko hewani, analia waziwazi, mwandikie hilo kwenye mafaili yako na saini naweka mimi. Tajiri akageuka, akapiga mguu chini: "Babu! Babu!" Hilo nalo hakuwahi kulisema. Mzee akashtuka kama aliyeamshwa, akagonga ukuta kwa sababu kigoda nilikuwa nimekikalia, "IMEUZWAAA!" mtaa mzima ukasikia, na muuza maziwa safari hii akasimama kweli.

Nilimbeba, nikamzungusha, nikasema potelea mbali, sirudi kambini, daraja na linifuate huku likinitaka. Lakini yeye akajinyonganyonga, hapana, hapana, nimshushe. Akaenda kwenye kopo lake. Akachukua chaki. Akaitoa kofia yangu ya chuma juu ya begi, akaipiga mstari mweupe mbele, mnene, akaukandamiza mpaka chaki ikakatika. Kisha akanivika. Akaufungua mlango, akasimama pembeni, akanipungia.

Mimi nilikuwa sijaelewa. Baba ndiye aliyeninong'oneza, "Nenda, mwanangu. Mali yenye alama haipotei. Hata ikae wapi, ina mwenyewe."

Mizigo mikubwa nimeiacha pale pale sebuleni. Mvua zikipungua watakuja wote wawili kuliona daraja, msimamizi ameshakubali chumba, na Baba ameshauliza kama kambini kuna vitu vya kunadi.

Leo asubuhi niliingia ofisini kutoa jibu langu. Msimamizi akanitazama usoni, akasema, "Fundi, kofia yako imechafuka." Nikamwambia, "Si uchafu, bosi. Nimenunuliwa. Mwenyewe atakuja kunichukua kazi ikiisha." Alicheka, akanisogezea kalamu, nikasaini. Kisha nikaomba utepe wa plastiki ule unaoonesha ndani, nikaubandika juu ya chaki yote, mvua isije ikaifuta.

Wako kwa shukrani,
Cheche, mali ya Tajiri